Baraza la Bi Mwanamvua

Bi Mwanamvua alikuwa na birika la vikombe kumi. Kila siku baada ya sala ya alasiri alilijaza maji. Alitia tangawizi na hiliki, akalibandika jikoni. Chai ilipoiva, alikunywa kikombe kimoja. Iliyobaki ilipoa. Jua likizama, aliimwaga uani, kwenye shina la mlimao.

Mlimao ule ulikunywa chai kuliko mtu yeyote Bagamoyo.

"Punguza maji, weye," alijiambia kila siku. Kesho yake mkono ulijaza birika tena.

Zamani chai ile haikutosha. Nje ya nyumba yake, mtaani Dunda, kulikuwa na baraza la mawe. Wanawake walikaa pale wakisuka ukili wa mikeka na kupashana habari za mji. Nani kaposwa. Nani kaachwa. Nani kanunua friji na nyumba yake haina umeme. Mumewe, Mzee Mikdad, alikohoa mlangoni kabla ya kutoka, ili wapate nafasi ya kubadili mazungumzo.

Mzee Mikdad alifariki mwaka juzi. Bi Mwanamvua alikaa eda miezi minne na siku kumi. Hakutoka. Siku moja, akiwa bado edani, alisikia kishindo nje. Ukingo wa baraza ulikuwa umevunjika. Rafiki yake, Bi Shufaa, alianguka nao, akaumia nyonga. Bi Mwanamvua hakwenda kumpa pole, kwa sababu ya eda. Eda ilipokwisha aliona siku zimepita mno. Aliona haya. Basi hakwenda kabisa.

Tangu hapo hakuja mtu. Alasiri alisikia vicheko kutoka uani kwa jirani yake, Yasmini. Alizijua sauti zote. Hiyo ya Yasmini. Hiyo, ya kama kuku anataga, ya Shufaa. Alikaa peke yake akizisikiliza mpaka zikaisha.

"Wamenikimbia," alisema moyoni. "Kwa Yasmini kuna marumaru. Mtu anajiona uso sakafuni. Kwangu atakuja nani?"

Zamu yake ya upatu ilipofika, alipata fedha kidogo. Hakuwa na nyingine. Akaamua kuweka marumaru sebuleni. Akaagiza fundi.

"Hodi!"

Mlangoni alisimama msichana mwenye mtandio na buti za kazi. Alishika ndoo na mwiko wa uashi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko nyuma?"

"Fundi ndiye mimi. Adila. Hunikumbuki? Mjukuu wa Bi Shufaa."

Bi Mwanamvua alishtuka. "Adila wa kulilia visheti? Mwanamke na saruji wapi na wapi?"

"Saruji haijaniuliza bado, bibi," Adila alijibu. Wote wawili wakacheka. Bi Mwanamvua alijistaajabia. Kumbe bado alijua kucheka.

Alimwonyesha sebule. Adila aliinama, akagusa sakafu na ukuta. Kisha akatoka nje.

"Unakwenda wapi? Kazi iko ndani."

"Nyumba huanza kuumwa nje, bibi. Njoo."

Adila alichokoa baraza kwa msumari. Plasta ilimomonyoka kama kisheti kikavu. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe.

"Onja," alisema.

"Nile ukuta?"

"Kwa ncha ya ulimi tu."

Bi Mwanamvua alionja, akakunja uso. "Chumvi!"

"Mchanga mlitoa wapi?"

"Ufukweni. Marehemu aliuleta kwa toroli. Ulikuwa wa bure."

"Ndiyo kosa letu sisi watu wa pwani. Mchanga wa baharini una chumvi. Chumvi huvuta unyevu. Plasta huvimba, rangi hubanduka, hata nondo za chuma zikiwamo huoza kwa kutu. Mchanga wa kujengea ni wa mtoni au wa shimoni, usio na chumvi wala udongo."

Kisha akamwonyesha ukingo wa paa. "Mvua ikinyesha, maji yote hudondoka hapa, kwenye mguu wa baraza. Mengine hupenya ukutani hadi sebuleni. Ukiweka marumaru leo juu ya unyevu ule, masika mawili tu yatabanduka. Fedha yako imekwenda."

"Sasa nifanye nini? Hela zenyewe ndizo hizi."

"Hela kidogo haiwezi vyote, kwa hiyo tupange. Kwanza tuzuie maji. Tufunge mfereji wa bati chini ya paa, umwage kwenye pipa. Pili, tuondoe kinachoweza kumwumiza mtu. Ni hili baraza. Urembo uje mwisho, kama kuna kinachobaki."

"Baraza!" Sauti ya Bi Mwanamvua ilipanda. "Baraza la nini? Atalikalia nani? Miaka miwili hakuna aliyenigongea mlango. Hata bibi yako."

Adila aliweka ndoo chini.

"Bibi yangu anakusema kila siku. Anasema, 'Mwanamvua chai yake ilikuwa tamu, lakini nitakwenda nikae wapi? Ndani ni pa mgeni aliyealikwa. Sisi ni watu wa barazani.' Tena anadhani umemkasirikia kwa kukuvunjia baraza."

"Mimi? Nimkasirikie?"

Bi Mwanamvua aligeuka, akautazama mlimao wa uani kupitia mlango ulio wazi.

"Lijenge," alisema.

Ili kupunguza gharama, Bi Mwanamvua alibandua plasta ya zamani mwenyewe, kwa nyundo ya Mzee Mikdad. Mawe yalikuwa mazima. Aliyasugua na kuyaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jiwe moja moja. Mfereji ulifungwa. Mchanga wa mtoni ukaletwa.

Adila alipima kwa ndoo. Saruji ndoo moja, mchanga ndoo nne. "Tunachanganya kidogo kidogo," alieleza. "Saruji iliyokwisha kuanza kukauka haifai kuongezwa maji."

Juu ya baraza aliacha mwinamo mdogo kuelekea nje, ili maji yasitulie. Akalifunika kwa magunia.

"Limwagie maji asubuhi na jioni, siku saba. Saruji hupata nguvu kwa maji. Asilikalie mtu."

"Hilo la mwisho ni rahisi," alisema Bi Mwanamvua. "Hakuna mtu."

Siku saba alilimwagia. Wapita njia walisalimu. "Bi Mwanamvua, unamwagilia mawe yaote?" Alijibu, kisha akabaki peke yake na magunia yake.

Siku ya nane aliyaondoa. Akatandika mkeka. Akajaza birika.

Alasiri ilisogea. Hakuja mtu. Kwa Yasmini pia palikuwa kimya, na kimya kile kilimwuma zaidi ya vicheko. Chai ilianza kupoa. Bi Mwanamvua aliinuka, akashika birika kuelekea uani.

Ndipo akasikia bakora barabarani. Ko. Ko. Ko.

Alikuwa Bi Shufaa, anachechemea. Nyuma yake Yasmini alibeba vibunda vya ukili. Bi Shufaa hakusalimu. Aligonga ukingo wa baraza kwa bakora yake, mara tatu.

"Hili nalo litaniangusha?"

"Kajenga mjukuu wako. Likivunjika, mkamate yeye."

"Anza kukaa wewe. Mimi nyonga nimebakiwa na moja."

Bi Mwanamvua alikaa. Baraza halikutikisika. Bi Shufaa akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Shoga, nisamehe," Bi Mwanamvua alisema polepole. "Sikuja kukupa pole."

"Nilikuvunjia baraza nikanyamaza miaka miwili. Nani amsamehe nani? Mimina chai. Nina habari ya yule mwenye friji."

Ndani, sebule ilibaki na sakafu yake ya zamani. Hakuna aliyeingia kuitazama. Ukuta ulikuwa umeanza kukauka.

Punde wakaja na wale wengine wa zamani, na vikombe kumi havikutosha. Bi Mwanamvua alirudi jikoni kubandika birika la pili, huku akiwaambia kwa sauti wasianze habari bila yeye.

Jioni ile mlimao haukupata kitu.