Kokwa Anaomba Mlango

TANGAZO. Kamati ya Wapangaji inawaarifu wakazi wote wa jengo hili kwamba kwenye ngazi, kipandio cha nne kutoka chini, kumeonekana unyevu. Kamati imejiridhisha kwamba unyevu huo si wa mvua. Mwenye unyevu anatakiwa kuukomesha kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Akishindwa, chanzo cha unyevu kitaondolewa jengoni.

Tangazo hilo lilibandikwa ukutani asubuhi, likiwa limepigwa mhuri juu na chini. Fundi Saa alilisoma akiwa amesimama kwenye kipandio chenyewe. Alipomaliza kusoma, alitazama chini ya kiatu chake. Kamati ilikuwa imesema kweli.

Chanzo cha unyevu kilikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya pili, kikitafuna kamba ya kiatu. Alikuwa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, rangi ya majivu, mwenye tumbo kubwa kuliko miguu ilivyoweza kulibeba. Mama yake Fundi alimwita Kokwa, kwa sababu akilala hujikunja akawa kitu kidogo cha mviringo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini familia inayoishi ghorofani ilihitaji mbwa. Jibu ni kwamba haikumhitaji. Aliyemhitaji ni Mama. Tangu afiwe na mumewe, alikaa kwa mwanawe kama msafiri anayesubiri kuitwa. Nguo zake zilibaki mkobani. Chakula alikionja tu. Usiku alikaa kitini, kimya, mpaka kunapambazuka. Kisha siku moja muuza maziwa alipita na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, na Mama akanyoosha mikono kabla ya kuulizwa. Jioni ile alizitoa nguo zake mkobani, akazipanga kabatini. Fundi na mkewe walitazamana. Waliogopa kuliharibu jambo kwa kulitaja.

Sasa Fundi alirudi ndani na habari ya tangazo.

"Wamesemaje hao wakubwa wenu?" Mama aliuliza.

"Wamesema Kokwa akome, au aondoke."

"Akome nini?"

"Kukojoa ngazini, Mama. Kulia usiku hawakukuandika, lakini naona walikosa nafasi tu kwenye karatasi."

Mama alimwinua Kokwa, akamweka mapajani. "Basi mwambie mwenyekiti wenu, huyu akiondoka, na mimi naondoka. Nina nyumba yangu."

Nyumba hiyo wote waliijua. Ilikuwa tupu, inavuja, na jirani wa karibu alikuwa hasikii hata ukipiga kelele.

"Mama, usiseme hivyo," alisema mke wa Fundi, ambaye alikuwa mshonaji. "Mwanao atalirekebisha jambo hili."

"Wiki nzima analirekebisha," Mama alisema. "Hamwoni Kokwa alivyokonda?"

Ni kweli kwamba Fundi alikuwa amefanya juhudi. Alilikabili tatizo kwa njia ya kazi yake. Alipanga saa za kumtoa Kokwa nje: asubuhi kabla ya kwenda kazini, mchana anaporudi kula, jioni, na kabla ya kulala. Hakuchelewa hata dakika moja. Kila saa ilipofika, alimbeba Kokwa hadi uani, akamweka chini, akamsubiri. Kokwa naye alikaa, akamtazama, kama mtu aliyeitwa mkutanoni bila kuambiwa ajenda. Kisha walipanda ngazi kurudi. Kilichotokea kwenye kipandio cha nne tayari kimetangazwa.

Kokwa akikojoa ndani, Fundi alimshika shingo, akamsogeza pua kwenye mkojo, akamkaripia. Aliwaona watu wengi wakifanya hivyo utotoni mwake. Hakujiuliza kama aliwahi kuona mbwa aliyefundishika kwa njia hiyo.

Usiku, Kokwa alilazwa jikoni, peke yake, mlango ukafungwa. Fundi alikuwa amesikia kwamba mlio wa saa humfanya mtoto wa mbwa adhani yuko karibu na moyo wa mama yake. Alichagua saa nzuri ya mezani, akaisafisha, akaitia ufunguo, akaizungushia taulo, akaiweka kando ya Kokwa. Kokwa aliilalia kwa muda mfupi. Halafu akainua kichwa, akaililia hadi alfajiri. Saa ilikuwa nzima kabisa. Haikumjibu.

Jioni ya siku ya tangazo, mtu alibisha mlango.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Daktari. Pole na usingizi."

"Bado sijapoa," alisema Daktari wa Mifugo, aliyekaa ghorofa ya chini. Aliingia, akavuta kiti, akaketi bila kungoja. "Tusidanganyane. Mimi ndiye niliyepeleka malalamiko kwa kamati. Nimekuja kumwona mshtakiwa."

Mama alimkumbatia Kokwa kwa nguvu zaidi.

"Usiogope, Mama. Simchukui. Nilipaswa kuja hapa kwanza, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, ila mtu asiyelala hukosa adabu." Akamgeukia Fundi. "Nieleze. Mnamtoa nje saa ngapi?"

Fundi alimweleza, saa kwa saa. Alieleza kwa fahari kidogo.

"Vizuri. Na yeye hukojoa saa ngapi?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole.

"Saa nyingine zote zilizobaki," mkewe akajibu kwa niaba yake.

"Basi hapo ndipo penye kosa," Daktari alisema. "Unamtoa kwa saa ya ukutani. Mtoto huyu hana habari nayo. Akiamka, anataka kukojoa. Akimaliza kula, muda si mrefu anataka haja. Akicheza sana, vilevile. Hizo ndizo saa zake. Akifumbua macho tu, mbebe. Usingoje anyooshe miguu."

"Hata akiamka mara nyingi kwa siku?"

"Hata akiamka mara nyingi kwa siku. Kwani wewe mwenyewe ulipokuwa mchanga, Mama hapa alikubadilisha kwa ratiba?"

"Huyu?" Mama alisema. "Huyu alikuwa mto uliofurika."

Mke wa Fundi aliona kuna jambo la kufanya dirishani, akageukia huko mabega yakimtikisika.

Daktari aliendelea. Alisema Kokwa apelekwe mahali palepale kila mara, kwenye kona ya ua ambako mbwa wengine hawapiti, mpaka amalize chanjo zake. Harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Akimaliza, asifiwe papo hapo, akiwa bado amesimama pale. Akisifiwa baada ya kurudi ndani, atadhani anasifiwa kwa kupanda ngazi.

"Na akikojoa ndani, nimwadhibu vipi?" Fundi aliuliza.

"Usimwadhibu. Ukimkuta katikati ya tendo, mchukue taratibu umpeleke nje. Ukikuta ameshamaliza, chukua kitambaa."

"Basi? Kitambaa tu?"

"Na maji ya sabuni, kisha siki kidogo, ili harufu iishe. Unapomsogeza pua kwenye mkojo, unamfundisha kukuogopa wewe. Humfundishi kuogopa sakafu. Kesho atakojoa nyuma ya kabati, mahali usipomwona, nawe utasema ana hila."

Fundi alitazama kabati. Mkewe pia alitazama kabati. Walikuwa wamesema hivyohivyo asubuhi ile.

"Na usiku?" Mama aliuliza. "Usiku analia mpaka moyo unaniuma."

"Analala wapi?"

"Jikoni."

"Peke yake? Mama, huyu hakuwahi kulala peke yake kabla ya kuletwa hapa. Alilala katikati ya ndugu zake, mgongo huku, pua kule. Leo amewekwa gizani na saa. Lete mkono wako, Fundi."

Daktari alikishika kiganja cha Fundi akakiweka ubavuni mwa Kokwa, chini kidogo ya mguu wa mbele. "Usibonyeze. Sikiliza kwa vidole."

Fundi alisikiliza. Ndani ya ubavu ule mwembamba kitu kilikuwa kikipiga mbio, kidogo na chenye moto. Kwa mazoea ya kazi alianza kukifuatisha, ashike mwendo wake. Hakuweza. Kiliharakisha, kikasita, kikaenda tena. Kisha Mama alikohoa, Kokwa akageuza sikio, na mwendo wote ukabadilika chini ya vidole vyake kwa ajili ya kikohozi kimoja cha bibi mmoja. Maisha yake yote Fundi alikuwa amefungua vitu vinavyopiga, akaona kinachovipigisha. Hiki hakingefunguliwa. Kilikuwa kimekuja kwa kikapu cha muuza maziwa, bila ufunguo, na kilikuwa kinamsikiliza mama yake.

Aliuacha mkono wake pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyemwambia autoe.

"Mtafutieni sanduku," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Liwe dogo kiasi cha kujigeuza na kujinyoosha. Mbwa hapendi kuchafua anapolala. Liwekeni karibu na kitanda cha Mama, mahali mkono unapofika. Akishazoea, mnaweza kulisogeza mbali kidogo kidogo. Akilia katikati ya usiku, atolewe. Mtoto wa umri huu hawezi kubana mkojo usiku kucha. Ila msimchezeshe, wala msipige soga. Nje, kojoa, sifa kidogo, rudi, lala. Akijua usiku hakuna sherehe, hataita watu."

"Nani atamtoa?" mke wa Fundi aliuliza. "Mama hawezi kushuka ngazi gizani."

Wote walimtazama Fundi.

Usiku ule Kokwa alilala ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la vitambaa, na kitambaa kimoja cha Mama chini yake. Alilia kidogo. Mama alishusha mkono kutoka kitandani, Kokwa akaweka pua kwenye vidole vyake, akanyamaza. Mama naye alinyamaza. Mke wa Fundi alipochungulia mlangoni, alimkuta mkwewe amelala chali, mdomo wazi, mkono ukining'inia. Alimwita mumewe aje aone. Walisimama pale kama watu wanaotazama moto ukishika kwenye kuni mbichi.

Usiku wa manane Kokwa alilia tena, kilio kingine, kifupi, chenye haraka. Fundi alimbeba hadi uani. Jengo lote lilikuwa limelala. Fundi alitaka jambo liishe arudi kitandani, lakini Kokwa hakuharakishwa. Alinusa ardhi kwa makini, akarudi nyuma, akanusa tena. Fundi alikuwa amepita kwenye kona ile miaka mingi bila kuona kitu. Sasa aliona mnyama mdogo akiisoma kama ukurasa, mstari kwa mstari, na akajua kwamba yeye ndiye asiyejua kusoma hapo. Kisha Kokwa alichagua mahali, akachuchumaa, akakojoa.

"Vyema," Fundi alinong'ona. "Vyema sana, bwana."

Mkia ulitikisika gizani. Alikuwa ameelewa. Fundi, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini mambo, alisimama pale na ubaridi miguuni, akaamini hilo.

Haikuwa rahisi hivyo kila siku. Kokwa alikojoa mara nyingine karibu na cherehani, na mara nyingine juu ya kiatu cha Fundi, Fundi akiwa amekivaa. Fundi alichukua kitambaa. Mama, aliyebaki nyumbani mchana, alijifunza kumtazama: akianza kuzunguka na kunusa pembeni, alimwita mshonaji, mshonaji akaacha cherehani, akambeba mbio. Kidogo kidogo vitambaa vilipungua kwenye kamba ya kuanikia. Kilio cha usiku kikawa kimoja, na kuna siku hakikuwapo. Mama alimwagiza mkwewe amnunulie kitambaa cha pazia la chumba chake, cha maua, akasisitiza kisiwe cha rangi ya kupauka upesi.

Kikao cha mwisho wa mwezi kilifanyika sebuleni kwa Mwenyekiti, karani mstaafu aliyekuwa na zulia jipya. Mama alikwenda na Kokwa, akamlaza mapajani mwake. Alikwenda pia na maneno makali aliyoyaandaa tangu asubuhi. 

Mwenyekiti alisoma tangazo lote, pamoja na tarehe. Mpangaji mmoja alitaka ithibitishwe kwanza kwamba unyevu haukuwa wa binadamu.

"Unamshuku nani?" mke wa Fundi aliuliza.

"Sijamtaja mtu, shemeji."

"Mimi mlalamikaji nafuta malalamiko," Daktari alisema. "Ninalala."

"Malalamiko hayafutwi kwa mdomo," Mwenyekiti alisema.

Wakati huo Kokwa aliamka. Aliteremka mapajani mwa Mama, akatua juu ya zulia jipya. Mwenyekiti aliinuka nusu. Fundi pia aliinuka nusu. Kokwa hakuchuchumaa. Alipita katikati ya viatu vya wapangaji, akafika mlangoni, akaketi. Hakuwahi kuingia nyumba hii. Hakuna aliyemfundisha mlango huu. Aligeuza kichwa, akawatazama wote mmoja mmoja hadi akamfikia Fundi, akatoa sauti moja ndogo.

 Mpangaji wa unyevu wa binadamu alivua kofia. Fundi alifungua mlango, akashuka nyuma ya Kokwa ngazi nzima, na wapangaji wakasongamana dirishani kutazama. Chini, kwenye kona ya ua, mtoto wa mbwa alifanya alichokuwa ameomba ruhusa ya kufanya. Dirisha zima lilishusha pumzi. Mama hakwenda dirishani. Alibaki kitini, machozi yakimtiririka, na maneno yake makali yote yamempotea.

Fundi na Kokwa waliporudi, Mwenyekiti alikuwa ameshaketi, ameshavaa miwani, na ameshaandika. Aligonga meza, akasoma uamuzi:

"Kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imeamua kwamba mtoto wa mbwa aitwaye Kokwa apewe mwezi mmoja wa kujifunza kutoka nje. Itaundwa kamati ndogo ya kumwonyesha mlango ulipo."