Upinde wa Kutazamwa

"Urudishe," alisema Zipora. "Jua bado lipo. Shuka Same sasa hivi, mpe mwenyewe upinde wake, uje na mbuzi."

"Nishuke mlima mara mbili kwa siku moja kwa ajili ya mbuzi?" Filipo alicheka, akamgeukia rafiki yake Simeoni, aliyekuwa amejikalia kizingitini kama mtu aliyekuja kutazama ngoma. "Unamsikia shemeji yako?"

"Namsikia," alisema Simeoni. "Lakini shemeji, utazame vizuri kwanza. Upinde kama huo hata mfumwa, mtawala wetu, hana."

"Mfumwa ana ng'ombe. Mimi nilikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa."

Sasa wewe unayesoma haya umetulia kwako, usidhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa mke mkali na mume mpole. Sikiliza kilichotangulia, kisha uamue.

Watu hawa walikaa juu ya Same, kwenye miteremko ya milima ya Upare, wakati wa Mwingereza. Bunduki ilitaka kibali, na kibali walipewa wachache. Nyani hawakuhitaji kibali. Walishuka kutoka majabalini mahindi yalipoanza kukomaa, wakala, wakaharibu hata yale ambayo hawakuyataka. Kwa hiyo nyumba zote zilizokuwa na mashamba katika bonde lile zililinda kwa zamu, kama zilivyofanya msaragambo, kazi ya pamoja, wa kusafisha mfereji. Katikati ya bonde lilisimama dungu, jukwaa la miti. Mwenye zamu alikaa juu yake tangu alfajiri mpaka nyani walipopanda kulala, akiwa na upinde na mishale. Kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeibishia: nyani wakila siku ya zamu yako, unalipa kutoka shambani kwako, kikapu kwa kikapu.

Upinde wa zamani wa Filipo ulikuwa umepasuka wakati wa baridi. Jioni iliyotangulia ugomvi, mume na mke walikubaliana vizuri kabisa. Filipo angekwenda kwa mzee Melkizedeki, mchonga pinde wa kilima cha pili, na jogoo na kikapu cha maharage. Ndiyo bei aliyolipa kila mtu kwa upinde wa mti wa mkole usio na urembo. Asubuhi Filipo aliamka kabla ya wote, akamwacha jogoo bandani na maharage ghalani, akamfungua mbuzi. Alipita mlangoni kwa Melkizedeki bila kugeuza shingo, akashuka na Simeoni hadi gulioni, karibu na stesheni ya Same. Huko alikuwako mchuuzi mmoja aitwaye Kassimu, aliyeuza vitu vya kung'aa.

Na mbuzi yule hakuwa wa kuuzwa. Zipora alikuwa ameugua sana, maziwa yakamkauka kifuani, na binti yake Priska aliachishwa ziwa kabla ya wakati. Mtoto aliishi kwa uji uliotiwa maziwa ya mbuzi yule. Filipo alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimshika mbuzi miguu wakati wa kumkama.

Upinde wenyewe ulimzidi Filipo kimo. Ulizungushiwa waya wa shaba kutoka ncha hadi ncha, ukafungwa ukanda wa ngozi ya chui mahali pa kushikia, na shanga nyekundu zikaning'inia chini.

"Uliuvuta?" aliuliza Zipora.

"Kuvuta nini?"

"Upinde. Kabla hujampa mtu mbuzi, uliuvuta?"

"Mwanamume havuti upinde wa watu gulioni. Ni kumwonyesha Kassimu kwamba simwamini."

"Basi uvute sasa."

"Nimechoka na njia."

"Nani aliutia ugwe?"

Filipo alimtazama Simeoni. Simeoni alitazama vidole vya miguu yake. "Kassimu na vijana wake," alisema. "Mmoja aliukanyaga, wengine wakavuta."

Zipora hakukasirika. Alichukizwa, kama mtu anapofunua chungu akakuta makande ya juzi yametoa povu. Aliingia ndani kwa mtoto.

Upinde haukurudi Same. Ulitundikwa juu ya mlango, umetiwa ugwe usiku na mchana. Kila mtu wa milimani alijua kwamba upinde usiotumika hulegezwa ugwe, mti upate kujinyoosha. Ukiuacha umepinda siku zote, huzoea kupinda, nguvu ikaisha. Filipo alijua pia. Lakini akiulegeza, nani angemsaidia kuupinda tena? Kusema "siwezi" kulimshinda. Badala yake alisema, "Uzuri wake unaonekana ukiwa na ugwe."

Akawa anautembeza. Jumapili aliuegemeza ukutani nje ya kanisa ili watu wautazame wakitoka. Siku nyingine aliupeleka kwenye dengelua, pombe ile ya miwa, na kila aliyeusifu alipata kibuyu kutoka kwake. Haikuchukua muda wanaume wakajua njia rahisi ya kunywa bure. "Baba Priska, shaba hiyo imetoka Ulaya?" Basi, kibuyu. "Baba Priska, chui huyo ulimpiga wewe?" Kibuyu kingine. Filipo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Ni nani kati ya wale wanywaji aliyemwuliza mtoto wake anakula nini? Hakuna.

Nyumbani Zipora alitia maji pale alipokuwa akitia maziwa. Mtoto alikunywa uji ule, akageuza uso, akalia, akanywa tena. Mashavu yakaingia ndani, ngozi ikapauka. Jioni moja Zipora alimkuta mumewe ukumbini akiusugua waya wa shaba kwa kitambaa. Pembeni mwa goti lake palikuwa na kikombe cha samli, akiba ya mwisho ya nyumba. Priska alikuwa amekaa karibu yake akilamba kijiko kitupu.

"Mpake na mwanao," alisema Zipora.

"Nini?"

"Samli. Upinde unang'aa tayari. Mtoto bado."

Filipo alifunika kikombe kwa kiganja kama mtu aliyekamatwa ugoni. Kisha, Zipora alipoinama kumchukua mtoto, alikifunua akaendelea kusugua.

Zamu yao ikafika. Adhuhuri Zipora alimbebea mumewe makande ndani ya bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alisikia kicheko kabla hajaliona dungu. Wanaume wanne walikuwa wamejazana juu yake, chungu cha dengelua katikati yao. Chini, katika shamba la mjane Dorkas, kundi zima la nyani lilikuwa kazini. Dume kubwa lilikaa juu ya ukuta wa mawe, likimenya hindi taratibu kama mzee anayepukuchua maharage.

"Filipo," aliita. "Nyani."

"Nawaona. Nawaacha wakaribie."

"Wakaribie wapi tena? Wamekwisha kushiba."

Filipo alisimama, akayumba, akapachika mshale. Akavuta. Ugwe ulifika nusu ya njia, haukufika hata kifuani. Mishipa ya shingo ilimtoka, mkono ukatetemeka mpaka shanga zikagongana. Mshale uliondoka kama kijiti kilichotupwa na mtoto, ukaanguka kwenye maharage chini ya dungu. Wenzake walicheka hata mmoja akainama ukingoni akatapika.

"Tena," alisema Simeoni akijifuta machozi. "Baba Priska, wape wa pili."

Alivuta wa pili kwa nguvu zote za aibu. Kitu kilialika. Waya wa shaba ulichanuka katikati, na ndani yake ukaonekana ufa wa zamani uliozibwa kwa nta. Waya ule haukuwa urembo. Ulikuwa bandeji.

Zipora aliweka bakuli chini, akakimbilia shambani akitupa mawe na kupiga kelele. Nyani walimtazama. Wanyama hao wanamjua mwanamke na hawamkimbii. Waliondoka walipotosheka, polepole, kila mmoja na hindi mkononi.

Asubuhi wazee walipita wakikadiria hasara. Vikapu vikajazwa kutoka shamba la Zipora, safu baada ya safu, vikapelekwa kwa Dorkas na kwa majirani zake. Dorkas alipokea chake akiangalia chini.

"Unisamehe, mama Priska. Na mimi nina watoto."

"Ni haki yako. Chukua."

Lililobaki lilikuwa kama nusu ya shamba, nalo ndilo chakula chote cha nyumba mpaka mvua nyingine. Wazee waliamua pia kwamba zamu iliyopita haikuwa zamu. Nyumba ya Filipo ingelinda tena leo hii. Wakila nyani mara ya pili, nusu hiyo nayo ingekwenda.

Zipora alirudi nyumbani, akamkuta Filipo uani akifungua kamba ya mbuzi mdogo, mtoto wa yule aliyeuzwa. Alikuwa jike, tegemeo la maziwa la mwaka ujao. Simeoni alikuwa amemshikia kichwa.

"Unafanya nini?"

"Kosa halikuwa langu," alisema Filipo. "Umeona mwenyewe, ni ufa. Kassimu ana upinde mwingine, una pembe za swala kwenye ncha zote mbili. Nikiwahi, nitarudi kabla ya jioni."

"Ule ndio upinde kweli," alisema Simeoni.

Zipora aliwatazama wote wawili, mmoja na macho mekundu ya dengelua ya jana, mwingine na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kulipia kitu alichokisifu. Hakuwa na haja tena ya kugombana. Mtu hagombani na uchafu, anaufagia.

"Weka kamba chini," alisema.

Kulikuwa na jambo katika sauti hiyo. Filipo akaiweka.

"Keti hapo. Shika mtoto." Alimweka Priska magotini pa mumewe. "Uji uko motoni. Koroga usiungue. Simeoni, nenda kwako, hapa hakuna cha kunywa."

Simeoni aliachia mbuzi, akaondoka bila kuaga.

"Na zamu?" aliuliza Filipo. "Zamu ni leo."

"Zamu naenda mimi."

"Utakuwa kichekesho cha bonde zima."

"Nafasi hiyo umeshaichukua wewe."

Alimkamata jogoo bandani, akajaza kikapu maharage, akachukua podo la mishale, akapanda kilima cha pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Priska," alisema Melkizedeki bila kuacha kuchonga. "Mumeo amechelewa kidogo."

"Sikuja kwa ajili yake. Nataka upinde wangu mimi."

Kisu kilisimama. "Sijapata kumuuzia mwanamke upinde."

"Niuzie leo. Jogoo ni yuleyule."

Mzee alimtazama jogoo, akamtazama mwanamke, akaonyesha kwa kidevu pinde zilizoegemezwa ukutani. Utotoni Zipora alikuwa amelinda mtama pamoja na kaka zake, akapiga ndege kwa pinde zao mpaka mama yake alipomkataza. Mikono haikuwa imesahau. Alichukua kwanza ule mrefu, mweusi, mzuri kweli kweli. Aliuvuta ukafika, lakini kiwiko kilitetemeka, akaurudisha ukutani bila kuutazama tena. Wa pili ulivutika kama kamba ya kuanikia nguo.

"Huu ni wa kutisha kuku," alisema.

"Ni wa mjukuu wangu," alisema mzee.

Wa tatu ulikuwa na kifundo cha mti karibu na mahali pa kushikia, na haukuwa na pambo lolote. Alipitisha ukucha juu ya kifundo akitafuta ufa, hakuuona. Aliutia ugwe mwenyewe, akaulegeza, akautia tena. Akavuta mpaka shavuni, akakaa hivyo akipumua. Mkono ulitulia.

"Huu."

"Huo ni mbaya kuliko yote," alisema Melkizedeki.

"Nyani hawatauoa."

Mzee akacheka, akapokea jogoo.

Zipora hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja bondeni na kupanda dungu. Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo walinyanyuka kumtazama. Hakupungia mtu mkono.

Jua lilipoanza kuinama, lile dume lilitangulia kushuka. Liliona kaniki, likajua ni mwanamke, likakaa juu ya ukuta wa mawe na kujikuna. Zipora alipachika mshale, akavuta hadi shavuni, akaachia. Ulilipata pajani. Bonde zima lilisikia lilivyobweka, na kundi lote likapanda majabali kwa kasi ambayo halijapata kuonyesha mbele ya mwanamke.

Zipora akatoa mshale mwingine podoni, akaushika tayari, akakaa.

MAFUNZO

Ndugu wasomaji, hadithi hii haina uchawi ndani yake, wala Kassimu hakumpiga mtu kofi akachukua mbuzi. Filipo alinunua macho ya watu akalipa kwa maziwa ya mtoto wake. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa vitu vingine, na inachukiza vilevile.

Ukinunua chombo cha kazi, kijaribu kwa mkono wako kabla ya kukilipia. Anayekuzuia kukijaribu ana sababu, na unayeona aibu kukijaribu umeshapata hasara. Nunua kinacholingana na nguvu zako na kilichomo ghalani mwako. Kikiwa cha bei ndogo na sura mbaya lakini kinafanya kazi, hicho ndicho kizuri.

Na wewe unayesifu mali ya mwenzako ili upate cha kunywa, usijifiche nyuma ya Filipo. Ulikuwa juu ya dungu. Ulicheka. Mtoto alipokosa maziwa, na wewe ulikuwa umeyanywa.

Akina mama, msingoje nusu ya shamba iende ndipo mwinuke.