Bangili Iliyobaki Dirishani

Uvumi wenyewe aliusikia kwenye chumba cha pasi, ukamganda kama gundi. Eti kuna mwanamke mmoja, dobi wa mahali fulani, alikuwa akivaa bangili ya chuma yenye maandishi mekundu, zile za kuwatahadharisha madaktari. Bosi wake alipoiona akamwambia aende nyumbani apumzike kidogo, na mpaka leo anapumzika. Hakuna aliyemjua mwanamke huyo. Hakuna aliyejua alikuwa akifanya kazi wapi. Lakini Mama Pacha, dobi wa nyumba ya wageni, alikuwa na bangili ya namna hiyo hiyo chini ya mkono mrefu wa blauzi yake, na tangu siku ile ikaanza kumchoma kama moto.

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Magoti yalishakataa kumbeba, sukari imepanda, mwisho daktari akalikata tumbo likabaki dogo, la kujaa kwa vijiko vichache. Kilo zikapukutika. Kazini hakusema kitu. Wenzake walipoona nguo zinamning'inia wakajijibu wenyewe: ana ule ugonjwa. Akawaacha waamini. Mchana walipokaa kula pamoja, yeye alijitia ana shuka za kukunja, akala chakula chake nyuma ya mashine, peke yake, amegeukia ukuta.

Asubuhi ya safari, mmoja wa pacha wake, wasichana wakubwa sasa, alimzuia mlangoni.

"Mama, bangili?"

"Iko mkobani."

Haikuwa mkobani. Ilikuwa dirishani bafuni, kwenye kisahani cha sabuni.

Boti ilikuwa ya injini, ya kupeleka shuka safi kisiwani, kwenye nyumba ya wageni. Siku hiyo ilibeba watu wanne. Nahodha, mtu mzima asiyependa maneno. Fundi bomba, aliyeitwa kuzibua vyoo vya wageni. Mpishi wa kisiwani, mwanamke wa kelele na vicheko, anayerudi kazini na makopo yake ya jikoni. Na Mama Pacha, juu ya marobota ya shuka.

Kisiwa kilikuwa kimeshaanza kuonekana injini ilipokohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Kamba ya wavu uliotupwa ilikuwa imejisokota kwenye propela. Fundi bomba alijitosa na kisu kinywani, akaikata kipande kwa kipande mpaka vidole vikatoka damu. Propela ikawa huru, lakini injini ilikuwa imeshaungua ndani. Walitupa nanga, kamba ikaisha kabla ya kugusa chini. Simu hazikushika mtandao. Mkondo ukawabeba taratibu, bila fujo, na kisiwa kikazidi kuwa chembamba mpaka kikayeyuka kama kipande cha sabuni kwenye beseni.

Nahodha hakupoteza muda. Alifungua robota, wakafunga shuka juu ya vichwa kuzuia jua. Kisha akalivuta dumu la maji akaliweka katikati ya miguu yake.

"Nilishawahi kupotea baharini," alisema. "Watu walifichiana maji wakatoana macho. Humu ndani sitaki. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Unakunywa mbele ya wenzako, unamaliza, unarudisha kikombe. Hakuna kuweka akiba. Akiba yako ni tumbo lako."

Wote waliitikia. Ilikuwa sheria ya haki. Mama Pacha naye aliitikia, ingawa tumbo lake halikuwa na nafasi ya kuweka akiba ya kitu chochote.

Jioni ile kikombe kilimfikia wa mwisho. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai, cha kawaida tu, na kwake kilikuwa kama ndoo. Alifyonza kidogo. Akangoja. Akafyonza tena.

"Mama, unakunywa au unaonja mchuzi?" fundi bomba alisema. "Hapa si mezani."

"Maliza tuweke kikombe," nahodha alisema.

Akamimina yote kooni. Maji yalikwama nyuma ya kifua kama ngumi. Machozi yalimtoka, mate yakamjaa, akaegemea ukingo wa boti na maji yote yakarudi, masafi kama yalivyoingia, yakaanguka baharini. Jozi tatu za macho ziliyafuata yale maji yanavyopotea kwenye wimbi, na kutazama kule kulimuuma kuliko matusi.

"Ni mawimbi," alisema.

"Mawimbi gani?" mpishi aliuliza. "Wewe si unavuka kila mara na marobota yako? Leo ndiyo umejifunza kutapika?"

Kesho yake ikawa vilevile, na jua lilikuwa kali la kukausha ulimi. Midomo ya Mama Pacha ilipasuka. Kichwa kilimgonga. Mkojo ulikuwa mchache na mweusi kama chai. Mpishi alimtazama, huruma ikamshinda. Akatoboa kopo la maziwa mazito, yale matamu ya kuchanganya na chai, akamshika kidevu.

"Lamba, dada. Hii ni nguvu. Fumba macho ulambe."

Mama Pacha alijua hapaswi. Lakini kukataa kungehitaji maelezo. Akalamba, na utamu ule ulikuwa mzuri ajabu, akaongeza. Haukupita muda moyo ukaanza kumwenda mbio kama umefungwa kwenye farasi. Jasho likamtiririka, jasho ambalo mwili haukuwa na uwezo wa kulilipa. Tumbo likamkata, akajikunja juu ya shuka, akaharisha na aibu yake yote mbele ya watu, hakuna hata pazia. Mpishi alimfunika kwa shuka na kumpepea, akilia, hajui kwamba ni mkono wake mwenyewe uliofanya vile. Wema ule ulikaribia kumwua kuliko kiu.

Usidhani alikuwa mjinga. Alikuwa mtu anayeogopa, na hofu huifanya akili itafute njia za kichochoro. Ndani ya robota kulikuwa na vichupa vya shampuu vya wageni. Alimwaga kimoja, akakisuuza kwa maji ya bahari. Kikombe kilipokuja, alijaza mashavu, akajifanya amemeza, kisha akajifunika shuka na kuyatema kichupani. Humo ndimo alimokunywa, tone baada ya tone, kutwa nzima, maji yenye ladha ya povu na chumvi. Yalikaa. Kwa mara ya kwanza tangu injini inyamaze, yalikaa. Chini ya shuka lile alisikia wenzake wanazungumza habari za watoto wao, wanacheka kidogo, wanasogea kupeana kivuli. Bega la mpishi lilikuwa linamgusa. Kwa upweke aliouhisi, angeweza kuwa mwezini.

Fundi bomba ndiye aliyemfuma. Alivuta shuka ili alikaze upya, akamkuta na kichupa mdomoni.

"Ahaa! Kumbe!" Alikinyakua akakiinua juu. "Nahodha, ona mambo! Sisi tunakauka kama dagaa, mwenzetu ana kiwanda!"

Nahodha alikitazama kile kichupa. "Umeiba kwenye dumu?"

"Sijagusa dumu."

"Maji haya yametoka wapi?"

"Ni yangu. Ya kikombe changu."

"Nilisema hakuna akiba." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuchoka. "Mama, kuanzia sasa utakunywa wa mwisho, na utafungua kinywa nikione. Ukitema, hupati kingine."

Hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, na aliyeitoa hakujua. Mama Pacha aliona waziwazi: akinyamaza atakufa, watu wema hawa watamzika baharini wakisema alikuwa mchoyo na alikuwa na ule ugonjwa, na pacha wake wataletewa habari hizo hizo.

"Tumbo langu si kama lenu," alisema. "Lilikatwa."

"Lilikatwa na nani?" mpishi aliuliza.

"Na daktari. Nilitaka mwenyewe, nipungue, nipone. Limebaki hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Kikombe kizima hakiingii. Vitamu vinaniangusha. Lazima ninywe kidogo kidogo siku nzima. Nina bangili inayosema hivyo. Nimeiacha nyumbani."

Mpishi alifunika mdomo. "Na mimi nikakupa maziwa! Mungu wangu. Na sisi huku tulishakuzika na ule ugonjwa!"

"Najua. Chumba cha pasi kimegawanywa kwa mbao tu. Nasikia yote."

"Sasa kwa nini ulinyamaza, mwanamke wewe? Ungetuambia, tungekusema kwa kitu cha kweli!"

Fundi bomba alikuwa bado ameshika kichupa. Alikigeuzageuza. "Yaani bomba la inchi mbili limefanywa la nusu inchi," alisema polepole. "Ukifungulia maji yote yanarudi nyuma." Akamrudishia kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Nilikuwa na kiu, mdomo ukaropoka."

Nahodha akachukua kifuniko, akapima sehemu ya Mama Pacha, akaimimina kichupani bila kumwaga tone, akakifunga kwa uzi na kumvika shingoni. "Sheria nilitunga mimi," alisema. "Hii nayo nimetunga mimi."

Lakini mwili ulikuwa umeshapoteza mno. Asubuhi iliyofuata maneno yalianza kumponyoka, na kichwa kilimuuma hata nahodha akafungua sanduku la dawa na kumpa vidonge viwili. Mama Pacha alifunga mdomo. Kuna vidonge vya maumivu vinavyochimba tumbo lililokatwa mpaka linavuja damu. Lakini ni vipi hivyo? Na vilivyo salama ni vipi? Bangili ilisema, na yeye hakuwahi kuisoma kwa makini, alikuwa na haraka ya kuificha.

"Nikizimia, mtawaambia nini watakaotuokoa?" aliuliza. "Mtasahau. Na ninyi mtakuwa mmezimia."

Katika mfuko wa aproni alikuwa na kalamu ya kuandikia alama kwenye shuka, ile ya wino usiotoka hata kwa maji ya moto. Akampa mpishi. Mpishi akaulaza mkono wa mwenzake pajani, akaukausha kwa shuka, akaandika kwa herufi za kupinda kutoka kiwiko mpaka kifundo: TUMBO LIMEPUNGUZWA. MAJI KIDOGO KIDOGO. SUKARI HAPANA. DAWA YA MAUMIVU ULIZA DAKTARI.

"Kuna jingine," Mama Pacha alisema. "Mstari wa mwisho. Wa hatari zaidi. Siukumbuki."

"Fikiri, dada."

"Nafikiri!"

Alifikiri mpaka akaona weusi. Wakati huo nahodha, aliyekuwa ameona moshi wa meli mbali sana, aliingiza mpira kwenye tangi la mafuta, akavuta kwa mdomo, akatema, mafuta yakaanza kutiririka kwenye debe lililojaa shuka zilizochanika. Mama Pacha aliutazama ule mpira unavyosukumwa shingoni mwa tangi, kwa nguvu, bila kuona unakofikia.

"Mrija!" alisema. "Andika. Wasinipitishie mrija puani. Utatoboa pale paliposhonwa. Andika haraka."

Mpishi aliandika juu ya mkono mwingine, kubwa, wino ukapenya kwenye michubuko. Nyuma yake shuka zilishika moto. Moshi ulipanda mweusi na mnene, wakatupia shuka jingine, na jingine, kazi ya Mama Pacha ya wiki nzima inaungua, naye hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Kisha mbingu ikalala ubavu, asione tena.

Alipofumbua macho alikuwa kitandani kwenye chumba chembamba cha chuma kinachotetemeka. Hakuweza kusema, ulimi ulikuwa mkavu kama mti. Pembeni, juu ya trei, kulikuwa na mrija mrefu umeshafunguliwa kwenye karatasi yake, umepakwa mafuta. Mtu mwenye glavu, tabibu wa meli, alikuwa ameuacha. Ameshika mkono wa Mama Pacha na anausoma kwa sauti kwenye redio, neno kwa neno, akimwuliza daktari wa bandarini afanye nini. Tumbo limepunguzwa. Sukari hapana. Siri yake yote ilikuwa inapita hewani, chombo chochote kilichowasha redio kinaisikia. Alitaka kuuvuta mkono auingize chini ya blanketi. Hakuwa na nguvu. Basi akalala na kuisikiliza ikisomwa na mgeni, na hakuna dari iliyoanguka.

"Maji ya mshipani tu," sauti ya redio ilisema. "Na vitamini kwanza. Mrija weka kando. Nani aliandika hayo?"

"Sijui," tabibu alijibu. "Lakini ameokoa mtu."

Bandarini pacha wake walimpokea wakiwa wawili, mmoja kila upande. Hakuna aliyegomba. Waliishika mikono ile, wakaisoma, na yule wa mlangoni akaishusha mikono ya blauzi ya mama yake, kisha akafikiri, akaipandisha tena.

Wewe uliyekatwa tumbo, au una mama, dada au mume aliyekatwa, haya ndiyo ya kuepuka:

Usivue bangili kwa maneno ya mtu usiyemjua.

Usiiweke mkobani. Mkoba na mwenyewe huachana.

Usivae usichokisoma. Kijue kwa moyo, mstari kwa mstari.

Usigugumie maji, hata kiu ikuvue akili. Fyonza.

Usipokee kitu kitamu kutoka kwa anayekuhurumia kabla hujamwambia.

Usimeze dawa ya maumivu ambayo daktari wako hajaitaja.

Usiruhusu mrija puani kabla daktari wa upasuaji hajaulizwa. Ukiwa umezimia huwezi kukataa, kwa hiyo mkono wako ukatae kwa niaba yako.

Usiache vitamini zako nyumbani.

Usipande boti, basi wala gari ambalo ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayejua.