Picha ya Kupelekwa India

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, Sylvia na baba yake, Shikanga, walipotoka kanisani walikwenda moja kwa moja dukani kwa Hezekiah, mjini Mumias. Huko ndiko kulikokuwa na simu, na huko ndiko Philip alikopiga kutoka India. Philip alikuwa akisomea utengenezaji wa sukari, na mwaka ule wa tisini na nne alikuwa amepelekwa kiwandani kufanya mazoezi ya kazi.

"Halo, mwizi wa sukari!" Philip alimtania dada yake Jumapili moja. "Bado unapanda stuli kuifikia kabatini?"

Sylvia alicheka. Kisha likaja swali aliloliogopa.

"Kukhu hajambo?"

Kukhu, nyanya yao aliyewalea, alikuwa amezikwa majuma mawili kabla ya siku hiyo. Sylvia alimtazama baba yake. Shikanga alitikisa kichwa. Nyumbani alikuwa amewaonya wote: "Asiambiwe. Akisikia ataacha masomo arudi mbio, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili."

"Hajambo," Sylvia akasema. "Amekwenda mtoni kuteka maji."

"Na ule mguu wake? Basi amepona! Mungu asifiwe! Nitumieni picha yenu nyote, Sylvia. Watu wa hapa ni wema, lakini jioni nikiingia chumbani, upweke unanikaba."

Picha ilikuwa tatizo. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, watu wote wa nyumba ile walikuwa wamenyolewa. Shikanga akavaa kofia, Mama na Sylvia wakajifunga vitambaa, wakasimama mbele ya mpiga picha.

"Tutasema Kukhu aliogopa kamera," Baba alisema.

Mama alikaza fundo la kitambaa chake.

Simu iliyofuata, Philip hakutania.

"Picha nimeipata. Sylvia, tangu lini wewe ukafunga kitambaa? Na Baba, kofia ya nini? Mmenyolewa. Nani amekufa?"

Baba alimpungia Sylvia mkono akane. Sylvia alijaribu. Uongo haukutoka.

"Kukhu," akasema. "Ni Kukhu, kaka."

"Siku ile uliponiambia amekwenda mtoni?"

"Tulikuwa tumeshamzika."

"Nami nilifurahi," Philip alisema polepole. "Niliwaambia hata wenzangu kiwandani kwamba nyanya yangu anatembea."

Halafu akalia. Sylvia hakuwahi kumsikia kaka yake akilia. Hezekiah alizima redio. Shikanga akaupokea mkono wa simu.

"Mwanangu, nisamehe."

"Sirudi, Baba. Nitamaliza. Lakini mngeniacha nimlilie pamoja nanyi."

Njiani, kati ya mashamba ya miwa, Shikanga alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndimi niliyekufundisha kusema uongo, Sylvia. Nilidhani namwepushia kaka yako uchungu."

"Nilipomwambia Kukhu amekwenda mtoni, alifurahi sana, Baba."

"Ndiyo. Tukampa furaha isiyokuwepo, kisha tukamnyang'anya." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sisi tulilia na majirani wakajaa uani kwetu, wakatupikia, wakatuimbia. Yeye ameanza kulia leo, tena peke yake. Mwanangu, ukweli ukiwa mchungu, utafute maneno ya upole, lakini useme. Usimfiche mtu msiba wake."