Injini Mpya na Magunia ya Mama

Mume wangu ni kinyozi. Mkono wake mwepesi, mdomo wake haufungiki. Mtu mmoja tu humnyamazisha: mama yangu. Akimwona, anakuwa bubu.

Miaka miwili iliyopita gari letu la zamani lilizima katikati ya mlima, mama akiwa ndani. Mama akaumalizia mlima kwa miguu, viatu mkononi. Akaapa hatapanda tena gari la mkwe wake.

Sasa tulikuwa tumenunua gari jipya, na mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Nilimtaka mama awe karibu nami nikijifungua. Magoti yake hayawezi tena kupanda basi. Nilimbembeleza kwenye simu mpaka akalegea.

"Haya, mara moja tu," alisema. "Likizima, mumeo asinifuate tena!"

Mume wangu akashikwa na hofu. Wateja walikuwa wamemwambia kwamba injini mpya lazima izoeshwe kwanza. Basi kila asubuhi alikwenda uwanja wa mpira, akazunguka. Gia ya nne, mwendo uleule wa kobe.

"Leo umefika raundi ngapi?" nilimuuliza.

"Mia mbili na kumi."

"Bwana wee! Mtoto atazaliwa, ataota meno, wewe bado unazunguka!"

Jirani yetu ni fundi wa magari. Mtaa mzima tunamwita Mama Spana. Siku moja alimsimamisha mume wangu pale uwanjani, huku akizuia kicheko.

"Jirani, umepoteza nini humu?"

"Naizoesha injini."

"Unaichosha! Kitabu cha gari kinasemaje?"

Mume wangu akaangalia chini. Kitabu kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Hakutaka kikunjike.

"Makubwa haya!" Mama Spana akaipasua nailoni. "Ona. Kwa gari lenu, kilomita elfu moja na mia tano za kwanza ndizo za kuzoesha. Ndani ya injini kuna pete za pistoni. Zinapanda na kushuka zikisugua kuta za silinda, lile tundu la pistoni. Zinahitaji kukaa sawasawa na kuta hizo. Ukienda mwendo mmoja tu, hazikai vizuri. Mwishowe gari linakula oili na kutoa moshi."

"Sasa nifanyeje?"

"Badilisha mwendo. Ongeza taratibu, punguza, badili gia. Likitetemeka, shusha gia. Usikanyage mafuta mpaka chini. Usiliache linaunguruma limesimama. Pima oili mara kwa mara. Na usibebe mzigo mzito."

"Na mlima wa kwenda kwa mama mkwe?"

"Nenda! Barabara ile ina kona, vilima na miteremko. Injini itajifunza zaidi huko kuliko hapa uwanjani. Panda kwa gia ndogo, bila haraka, bila mzigo."

"Bila mzigo? Fundi, humjui mama mkwe wangu."

Jumamosi mume wangu alikwenda. Saa tano akanipigia simu, ananong'ona.

"Mke wangu, mama ametoa magunia manne. Na kabati!"

"Mwambie hayapandi."

"Nimwambie mimi?"

"Unataka injini imwambie?"

Nikasikia sauti ya mama: "Mkwe, unanong'ona nini? Lete kamba tufunge!"

Hakukata simu. Kama mama angekasirika, ningejifungua peke yangu. Kisha mume wangu akakohoa.

"Mama, samahani sana. Magunia hayapandi. Injini bado mpya. Nikiilemea, nitaiharibu, na wewe utatembea tena. Siwezi kukuona ukitembea tena. Nitayatafutia lori."

Halafu mama akaangua kicheko.

"Kumbe ulimi unao! Siku ile ulipakia magunia yangu sita bila kusema neno, gari likazima. Ungeniambia, ningeyaacha. Haya, twende."

Walifika jua bado kali, wanabishana na kucheka. Mama alisema gari lilipanda mlima bila hata kukohoa.

Kilomita zilipotimia, Mama Spana alilikagua na kumwaga oili ya kwanza na kutia mpya, kama kitabu kilivyosema. Mpaka leo gari halitoi moshi wala halili oili. Na mtoto alizaliwa salama, mama akiwa amenishika mkono.

Mama alikaa nasi miezi mitatu. Siku ya kurudi kwake, mume wangu alichelewa kwa mteja. Jirani mwingine akasimamisha gari lake kubwa mlangoni.

"Panda, mama, nikufikishe," alisema.

Mama akakaa vizuri zaidi kwenye kiti chake pale mlangoni.

"Asante, mwanangu," akajibu. "Namsubiri mkwe wangu."