Kioo cha Buluu na Jua la Julai

Kila jioni, bukari, yaani ugali, ikiwa bado jikoni, Léonard alikaa mbele ya redio yake. Mkewe, Germaine, alizoea kumtania kwamba redio hiyo ni mke mwenza. Katanga ilikuwa imejitenga miaka miwili sasa, na majirani wa mtaa wa Kenya, hapo Élisabethville, walitafuta redioni habari za askari. Léonard alitafuta habari za angani. Aliwajua kwa majina watu waliokwisha kuizunguka dunia ndani ya chombo. Alijua pia kwamba mwezi huo huo, Julai 1962, kimerushwa chombo cha kupitisha picha za televisheni juu ya bahari.

Jumapili moja akamwita mkewe kwa kelele.

— Mama Jeanne, kuya usikie! Jua itafunikwa!

Mtangazaji alikuwa akieleza kwamba Jumanne, baada ya saa sita mchana, mwezi utapita mbele ya jua. Hapa mjini jua litabaki kipande chembamba tu. "Na sasa, wasikilizaji, namna ya kulinda..." Redio ikakoroma, ikanyamaza. Betri zilikuwa zimekwisha.

— Haina neno, Léonard akasema. Miye niko na kioo.

Alikitoa mfukoni. Kilikuwa kioo cha kazini, cha buluu iliyokolea. Léonard alifanya kazi usini, yaani kiwandani, kwenye tanuru la shaba, na watu wa tanuru hutazama shaba inayochemka kupitia kioo kama hicho.

— Minaangalia moto ya usini miaka mingi. Jua itanifanya nini? Bantu yote ya parcelle, ya hii uani yetu, bataangalia na hii kioo. Jeanne wa kwanza!

Jeanne, binti yao, akaruka kwa furaha. Germaine hakuruka. Macho ya Léonard ndiyo yaliyoilisha nyumba hiyo, na Jeanne alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Kama kioo hicho hakifai, wote wawili wataumia siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya Jumatatu Germaine alikwenda kwa jirani yao, Ngalula, muuguzi wa dispensari. Tangu fujo zianze, baadhi ya watu mtaani waliacha kuwasalimia watu wa Kasai kama Ngalula. Germaine hakuwaiga. Ngalula ndiye aliyempokea Jeanne siku alipozaliwa.

— Ngalula, ulisikia redio mpaka mwisho?

— Minasikia yote. Banakataza kuangalia jua. Ata na kioo ya moshi, ata na filme ya hospitali, ile ya picha ya mifupa.

— Na kioo ya usini?

Ngalula akaacha kufua.

— Ile njo mubaya zaidi, sababu bantu banaiamini. Ile kioo inapunguza mwangaza, jicho haiumie. Lakini moto ya jua inapita, inachoma nyuma ya jicho. Kule nyuma hakuna maumivu. Jicho inaungua na weye unacheka. Kule Luluabourg, kwetu Kasai, nilipokea mwalimu mumoja, aliangalia jua na kipande ya chupa. Asubui akaona doa nyeusi pa katikati. Doa haikutoka.

— Kuya umwambie Léonard.

— Léonard ataniamini miye?

Germaine akafikiri. Alimjua mumewe. Maneno yangeingia sikio moja na kutokea jingine.

— Basi nipe kintu ya kumuonyesha.

Ngalula akampa lenzi ya kukuzia, ile aliyotumia kutafutia miiba kwenye ngozi za wagonjwa. Akamweleza la kufanya.

Léonard aliporudi kutoka kazini mchana, alimkuta mkewe amechuchumaa uani, na karatasi nyeusi chini.

— Nipe kioo yako, Germaine akasema.

Alishika lenzi juu ya karatasi. Jua likakusanyika likawa nukta moja, na moshi ukatoka mara moja. Kisha akaweka kioo cha buluu juu ya lenzi. Moshi haukutoka. Léonard akacheka.

— Unaona?

— Ngoja.

Mkono ulimchoka, lakini hakuuteremsha. Moshi mwembamba ukaanza kupanda. Karatasi ikatoboka.

— Ndani ya jicho kuna lenzi kama hii, Germaine akasema. Na nyuma yake kuna nyama yako, hakuna karatasi.

Léonard akakunja uso.

— Ni Ngalula njo anakufundisha hii?

— Njo yeye. Na hii moshi, ni Ngalula njo anaileta?

Léonard akaiokota karatasi, akapitisha kidole tunduni. Jioni alileta katoni tupu. Germaine, kama Ngalula alivyomweleza, akaitoboa tundu moja dogo kwa sindano.

Jumanne uani palijaa watu. Ngalula naye alikuwepo, kwa sababu Léonard mwenyewe alikwenda kumwita. Wote waliligeuzia jua mgongo. Germaine aliinua katoni juu ya bega, na mwanga ukapita tunduni, ukaangukia ukuta mweupe. Jeanne alitaka kuchungulia jua kupitia tundu. Mama yake akamvuta mkono.

— Hapana! Tundu haiko ya jicho. Angalia ku ukuta.

Ukutani palikuwa na jua dogo la mviringo. Pole pole likaanza kuliwa upande mmoja. Uani pakawa baridi, na mwanga ukapauka.

Floribert, mwenzake Léonard wa tanuruni, alitokea nje, upande wa pili wa ua. Mkononi alikuwa na kioo chake cha buluu.

— Léonard! Mwanaume wa moto, unageukia jua mugongo? Unaogopa?

Watu wakamgeukia Léonard. Germaine naye alimtazama. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kusikia Léonard akikubali kwamba anaogopa kitu.

— Ndiyo! Léonard akajibu, na sauti ikafika barabarani. Minaogopa. Kuya uogope na siye!

Floribert alicheka. Alicheka peke yake, kisha akaona aibu, akaingia uani. Léonard akampa katoni aishike, na wanaume hao wawili wakasimama wakitazama ukutani mpaka jua likawa kama ukucha. Germaine alijivunia mumewe siku ile kuliko siku ya ndoa yao.

Kesho yake, king'ora cha usini kilipolia, alimzuia Léonard mlangoni.

— Niangalie mu uso. Unaona nini?

— Minakuona weye.

— Yote?

— Yote. Ata kasirani ya juzi.

Germaine akacheka, akamwachia njia. Nje Floribert alikuwa akimngoja, wakaenda kazini pamoja.