Mamba Thelathini

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana mjuaji. Niliposikia kwamba mtalii wa kike kachomwa na yavuyavu, yule wa nyuzi za sumu, ufukweni Casuarina, mwezi wa Novemba, msimu wao, nilicheka. Nikasema, "Hawa wa kusini hawasomi vibao." Sikuwa peke yangu. Inspekta Themelina Karafilis, mwenye kichwa chepesi kuliko vyetu sote hapa Darwin, kaskazini mwa Australia, alisema hivyohivyo. Tofauti ni kwamba yeye aliandika kwenye daftari la polisi: AJALI.

Mwanamke alikuwa amelala chali mchangani, saa nne asubuhi ya Jumapili, karibu na mdomo wa kijito. Miguu yake ilikuwa na michirizi myekundu iliyovimba, kama amechapwa kwa kamba ya moto. Wahudumu wa ambulensi walikuwa wamemkandamiza kifua mpaka moyo ukakubali kurudi kazini. Pembeni alipiga magoti mumewe, mwanamume wa miaka karibu hamsini, kakumbatia chupa tupu ya siki. Analia machozi ya kweli.

Themelina alimshika bega. "Umemwokoa mkeo, bwana. Bila hiyo siki ya kuzima sumu angekuwa marehemu."

Dakika kumi baadaye alifunga daftari akaenda kunywa kahawa.

Wenyewe walikuwa Ros na Glenn Tranter, kutoka Adelaide. Walifika Ijumaa kutembea wiki moja. Wamepanda boti ya kuangalia mamba, wamepiga picha machweo, wamelalamika joto. Wageni wa kawaida kabisa.

Saa tisa alasiri Inspekta alipitia hospitalini kuchukua maelezo ya mgonjwa, kukamilisha karatasi tu. Bi Ros alikuwa macho, miguu imefungwa bandeji mpaka mapajani.

"Unakumbuka nini, dada?"

"Maumivu. Na Glenn akihesabu."

"Akihesabu nini?"

"Mamba." Bi Ros alijaribu kucheka. "Ananimwagia siki huku anahesabu. Mamba mmoja, mamba wawili, mamba watatu. Nikajua tayari nimekufa, na huko ahera wamenipangia bustani ya wanyama."

Themelina hakucheka. Kalamu yake ilisimama.

Maana akilini alimwona mwalimu wake wa darasa la kwanza, na fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni. Mwenzako akichomwa baharini, mnamwagia siki, mnahesabu mamba thelathini polepole, ndipo mnagusa zile nyuzi. Mamba ni wa kuifanya kila sekunde itimie, maana mtoto akiogopa huhesabu mbio. Waliosoma shule zetu za hapa enzi zile wote wanao wimbo huo kichwani. Huko Adelaide, baharini kwao kuna baridi, na mamba wanamwona kwenye televisheni.

"Bwana Glenn aliwahi kuishi huku kwetu?"

"Hata siku moja! Hii safari ni zawadi yangu kwake. Nilimficha mpaka uwanja wa ndege. Alipoona tiketi imeandikwa Darwin, uso ulimpauka. Nikasema mwanaume kazidiwa na furaha."

"Kuingia majini, wazo la nani?"

"Lake. Mimi niliuliza, kuna usalama? Akasema kaulizia mapokezi ya hoteli, msimu wa yavuyavu haujaanza. Yeye hakuingia, goti lilikuwa linamsumbua. Akanichagulia na mahali, pale kwenye kijito, maji yametulia."

Maji yametulia. Themelina aliandika maneno hayo akayapigia mstari.

"Kuna mtu yeyote mliyekutana naye hapa anayemfahamu?"

"Hakuna. Labda yule mama muuza laksa, ile supu yenu ya tambi na nazi, jana soko la Parap. Alimwona Glenn akaacha mwiko, akaita, 'We Duvi!' Glenn akasema kamfananisha. Tukaondoka na bakuli tumezila nusu, na laksa yenyewe tamu jamani."

"Mnaondoka lini?"

"Kesho saa sita mchana. Glenn kashabadilisha tiketi, daktari kakubali nikienda na kiti cha magurudumu. Anasema ataniuguza mwenyewe, kule kwetu vilimani. Hakuna jirani wa kutusumbua."

Alisema hivyo kwa mapenzi tele. Themelina alihisi ubaridi mgongoni, na Novemba Darwin ubaridi huupati hata ndani ya friji.

Aliomba ruhusa, akatoka. Kwenye korido Glenn alikuwa anakuja na maua.

"Swali moja tu, bwana. Umewahi kufika Darwin?"

"Kamwe."

"Nani alikuambia msimu haujaanza?"

"Mapokezi."

"Mwanamke au mwanaume?"

"Eeh... mwanaume."

"Siki ulijuaje?"

"Kibao. Kila mtu anasoma kibao."

"Vizuri. Wengi hawasomi."

Akampisha. Glenn alipita harakaharaka, na goti lake halikuwa linamsumbua hata kidogo.

Themelina akapiga simu. Konstebo Yuen, mzee wa kituo anayehesabu miezi ya kustaafu, alikuwa nyumbani anapaka rangi geti.

"Vaa viatu, Yuen. Ile ajali yangu si ajali."

"Afande, leo Jumapili."

"Muuaji hakuniuliza siku."

"Muuaji? Si mama yu hai?"

"Mpaka kesho saa sita, ndiyo. Baada ya hapo sina dhamana."

Ufukweni walikuta kibao cha onyo kimelala kifudifudi kwenye nyasi, kimeangushwa na dhoruba ya wiki iliyopita. Kisanduku cha siki kilichokuwa juu yake kilikuwa kitupu, buibui kashajijengea nyumba humo.

"Chupa kaitoa wapi basi?" aliuliza Yuen.

Alijibu mtu mwingine. Alikuwa Merv, mstaafu wa idara ya barabara, anayetembeza mbwa wake hapo kila asubuhi na kujua mambo ya watu kuliko kasisi.

"Kule nyuma ya ile miti ya mikadi," alisema, akinyoosha kidole. "Banda la zamani la waokoaji. Kuna kisanduku kingine pale, huwezi kukiona ukiwa huku chini."

"Ulimwonyesha wewe?"

"Mimi? Nilikuwa juu kule, mama anapiga kelele. Yule jamaa kwanza alisimama tu. Anamtazama. Nikasema huyu kapigwa na butwaa. Halafu mama akaita jina lake, 'Glenn!', kama anamwita mezani kula. Jamaa akageuka mbio, moja kwa moja mpaka bandani. Hakuuliza, hakutafuta. Kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani."

"Alisimama muda gani kabla ya kukimbia?"

Merv alimkuna mbwa sikio. "Mrefu, Inspekta. Mrefu kuliko mimi ningesimama."

Hotelini, mapokezi yalikuwa na wasichana wawili. Hakuna mwanaume aliyefanya zamu tangu Alhamisi. Dada wa usafi, aitwaye Vasiti, Mfiji mwenye sauti ya kwaya, alikasirika kuulizwa.

"Kadi ya onyo la yavuyavu? Naweka juu ya kila mto wa kitanda, kila chumba! Nyekundu, ina picha. Mnataka kunisingizia?"

"Hatukusingizii, dada. Mke inaonekana hakuiona."

"Basi muulizeni mume. Mimi nimeikuta leo ndani ya kiatu chake, imekunjwa mara nne. Nikasema watu wengine wana mchezo. Naweka kadi kitandani, wao wanavaa."

Yuen alimwangalia bosi wake. Hakuzungumza habari ya geti tena.

Ilibaki laksa. Bi Adelina Lay, Mtimori aliyeuza laksa Parap tangu soko lina meza sita, walimkuta jikoni kwake anamenya kamba kwa ajili ya oda ya harusi.

"Kaeni, shikeni visu, mtamenya huku mnauliza," alisema. "Sina mikono ya polisi na ya harusi."

Wakamenya.

"Jana ulimwita mtu Duvi, mama."

Kisu chake kilisimama. "Kwa hiyo hata nyie mmemwona? Mungu wangu. Nimekaa tangu jana najiambia, Adelina, uzee huo, unaona mizimu sasa."

"Ni nani?"

"Wayne Purtell. Duvi, tangu mtoto, alikuwa mwekundu na mwembamba kama hawa kamba wadogo. Mume wa Colleen, hapa mtaa wa tatu. Miaka kumi na tisa iliyopita alikwenda kuvua peke yake. Boti ikaonekana imepinduka. Tulimtafuta siku sita. Tulitupa maua baharini, nilipika mimi mwenyewe chakula cha watu mia. Colleen alikuwa na mtoto mchanga wa kike, wa miezi minane."

"Una hakika ni yeye?"

"Nilimlisha mwanaume huyu tangu hajaota ndevu. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto na kutoa majani ya mnanaa kwanza, anayapanga ukingoni kama askari. Jana aliyapanga." Macho yake yalijaa. "Maiti gani inapanga mnanaa, Inspekta?"

Walipoondoka aliwapa picha iliyotobolewa na pini. Vijana wanne mbele ya meza ya laksa. Wa pili kushoto alikuwa mwembamba, kaungua jua, na alikuwa Glenn Tranter.

Jumatatu saa nne asubuhi, saa mbili kabla ya ndege, walimkuta kando ya teksi nje ya hospitali, anapakia masanduku. Hakubisha kwenda kituoni. Alisema tu, "Tutachelewa?"

"Inategemea wewe," alisema Themelina.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na feni inayolalamika. Yuen aliwasha kinasa sauti.

"Nani alikufundisha kuhesabu mamba?"

"Nimekuambia. Nilisoma kibao."

"Kibao kimelala kifudifudi wiki nzima. Tena kimeandikwa sekunde thelathini. Hakina mamba hata mmoja."

Themelina aligeuza ukurasa wa daftari.

"Siki ulitoa wapi?"

"Kisandukuni."

"Kipi?"

"Pale... pale."

"Pale pana buibui. Wewe ulikimbilia nyuma ya mikadi, mahali ambapo hata madereva wa watalii hawapajui. Kadi nyekundu ilitembeaje kutoka kitandani mpaka kiatuni?"

"Sijui."

"Kwa nini kijitoni? Fukwe zote hizi, kwa nini mdomo wa kijito?"

Feni ikalalamika. Themelina akaweka ile picha mezani, polepole, kama anayempa mtu chai ya moto.

"Colleen yupo hai," alisema. "Hajaolewa tena. Kila mwaka anatupa maua, Duvi."

Mwanamume yule alijikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Alipoinua uso, hata lafudhi ilibadilika; ilikuwa ya kwetu sasa, ya mtaa wa tatu.

"Mvua ya kwanza ikishapita, bahari ikatulia siku mbili, yavuyavu wanajaa kijitoni," alisema. "Mtoto yeyote anajua."

"Mkeo hajui."

"Hajui."

"Ulimpeleka ili afe."

"Ndiyo."

Yuen alikohoa. Themelina hakuondoa macho.

"Kwa nini?"

"Bi Adelina aliniona. Ros si mjinga, usiku kucha aliniuliza, Duvi ni nani? Anacheka, lakini anauliza. Angerudi sokoni kuuliza, angejua yote. Kwamba niliacha mke na mtoto wa miezi minane. Niliipindua boti kwa mikono yangu, nikaogelea mpaka mikokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, Inspekta. Mtoto analia, kila mtu mjini anajua mpaka soksi zangu. Nilitaka kutoka tu, halafu sikujua njia ya kurudi."

"Ungemwambia Ros."

"Miaka kumi na minne ananitazama kama mtu mwema. Hakuna mtu mwingine duniani anayenitazama hivyo. Sikuweza kuona macho yale yanabadilika."

"Ukaona heri yafumbe."

Alifunika uso kwa viganja.

"Nilitaka afe akiwa bado ananipenda," alisema. "Halafu akaniita. Hakupiga kelele ya kuomba msaada, aliniita jina. Miguu ilikimbia yenyewe. Mdomo ukahesabu wenyewe. Nilikuwa nasikia mwalimu anahesabu, si mimi."

"Na kule vilimani, kusiko na jirani? Ungemuuguza, au ungemaliza?"

Alifungua mdomo. Themelina alingoja, akaangalia saa ya ukutani, akangoja tena. Hakuna kilichotoka.

"Andika, Yuen," alisema. "Andika kwamba hakujibu."

Saa tano na nusu Themelina alirudi wodini. Bi Ros alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa kofia ya safari, pochi mapajani. Inspekta alivuta kiti akakaa karibu, akamshika mkono, akamweleza yote bila kuzungusha. Alikuwa amewahi kutoa habari za misiba mingi. Hii hakujua aiweke fungu gani, maana hakuna aliyekufa.

Bi Ros alisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia.

"Huyo binti," aliuliza, "ana umri gani sasa?"

"Anakaribia ishirini."

"Mnazo habari zake? Ni mzima?"

"Mzima. Anasomea unesi. Yuko mwaka wa kwanza."

Bi Ros aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akamwomba muuguzi amrudishe kitandani. Ndege saa sita ilipaa bila wao, tukaisikia mjini kote, kama kila siku.

Jioni walimhamishia Glenn mahabusu. Yuen alimfungulia mlango wa nyuma wa gari, akamkinga kichwa asijigonge. Themelina alikaa mbele. Barabara ilipita karibu na hospitali, na walipofika kwenye mataa, mwanamume yule akasogea mbele mpaka pingu zikagonga wavu.

"Inspekta. Wewe ni mtu wa hapa. Mwambie Ros kwamba aliponiita, nilirudi na siki. Mengine yote mwambie kama yalivyo, lakini na hilo umwambie. Naomba. Mwambie nilirudi."

Taa ikawa ya kijani. Yuen akaingiza gia.